Mgawa Ngwe

Jirani yangu alikuwa mtu asiyeweza kukiona kitu kizima akakiacha kizima. Ukimpelekea papai, hata hajakushukuru, ameshatafuta kisu. Atalizungusha, atalipima kwa jicho, ataweka alama kwa ukucha, na kabla ya kukata atakuuliza nyumbani kwako mko wangapi, nani ana meno na nani hana. Mkewe alipenda kusimulia kwamba siku ya harusi yao wageni walikaa wakingoja wali huku bwana harusi yuko jikoni anabishana na wapishi juu ya ukubwa wa masinia. Sikuwapo, lakini naamini kila neno.

Sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha sayansi katika shule ya sekondari hapa Malindi, na nusu ya watu wazima wa mji huu aliwahi kuwachapa. Mimi hakunifundisha wala hakunichapa. Mimi ni fundi wa kushona, mzaliwa wa Mambrui, nimeolewa Malindi, na mlango wangu na wake ulitazamana, kichochoro tu katikati. Yeye akiniita Bi Fundi, mimi nikimwita Mwalimu, na kwa majina hayo tulitaniana mpaka tukaota mvi sote wawili.

Alikuwa na mwavuli mweusi aliotembea nao jua na mvua bila kuufungua. Nikamwuliza siku moja, Mwalimu, huo mwavuli ni mgonjwa? Akasema mwavuli ukifunguliwa kila siku huchakaa, na siku ya mvua kubwa utakusaliti. Mvua kubwa ikaja, nikamwona anapita ameloa chepechepe, mwavuli kwapani, umekunjwa vizuri. Alipoona namtazama akasema hii si ile kubwa.

Kwenye haki alikuwa mkali kama pilipili ya shamba. Hakuweza kuvumilia foleni inayorukwa, wala mchuuzi anayebonyeza mzani kwa kidole. Lakini mkalishe mbele ya bao! Wallahi, yule bwana alikuwa mwizi. Alinyakua kete za mwenziwe huku anazungumza habari za mvua, na ukimshika mkono anakushangaa, eti wewe ndiye hujui kuhesabu. Mume wangu, Mungu amrehemu, alicheza naye miaka yote na hakuwahi kumfunga mara mbili mfululizo. Alisema heri kucheza na jini, jini ukimsomea hukimbia.

Jambo jingine: chakula alijipimia kidogo kuliko wote, kazi alijipimia kubwa kuliko wote, na hakukubali kusaidiwa. Ukimshikia mzigo anakuvuta mkono. Ukimwambia pumzika anauliza, "Mimi mzee?" Watu wengine alijua kuwapima mpaka nukta. Nafsi yake aliipima kama vile ni ya mtu mwingine, mwenye nguvu zaidi, ambaye hatukuwahi kumwona.

Sasa nitawaambia habari ya Kadzo, maana bila hiyo mtadhani namsengenya tu mzee wa watu.

Kadzo alikuwa binti wa Dabaso, karibu na kwao Mwalimu, na katika wanafunzi wake wote ndiye aliyemfurahisha moyo. Alifika chuo kikuu Nairobi, akamaliza shahada ya kwanza, akabakishwa kufanya utafiti wa damu. Miaka ile ya themanini chuoni kulikuwa na kompyuta moja, kubwa kama chumba, na foleni yake ilikuwa ya wakubwa kwanza. Mtoto wa kike wa Dabaso asiye na mjomba mle ndani angengoja zamu yake mpaka azeeke. Basi akamjia Mwalimu likizo moja, akapiga shikamoo, akaeleza shida yake, na Mwalimu akamwambia, "Kompyuta ya nini, mwanangu? Si tuna watu?"

Hivyo ndivyo tulivyojikuta siku ya Jumamosi kwenye baraza ya Mwalimu, tunakunywa kahawa yake na kula mahamri ya mkewe. Alikuwapo Ustadhi wa chuo cha Kurani kule Mambrui, mtu mpole mwenye jicho kali la kusoma. Alikuwapo Mama Karisa kutoka Matsangoni, mjane wa Kigiriama, mkulima, aliyesoma darasa saba na hakuna anayeweza kumrubuni. Alikuwapo Njoroge, mtu wa bara mwenye duka la misumari na mabati, ambaye alikuja Malindi kwa mwezi mmoja na mpaka leo yupo. Na majirani zao kadhaa waliojua kusoma.

Mwalimu akasimama kutueleza protini. Akajikohoza. "Jamani," akasema, "protini ni shanga tu. Zimetungwa kwenye uzi, moja baada ya nyingine. Kila mwanamke hapa anazijua shanga. Kadzo anataka tuchukue shanga za huyu na shanga za yule, tuzitazame kwa makini, tuone zinatofautiana wapi."

Mama Karisa akajifunika uso kwa leso. Ustadhi akainamia kikombe chake kama anatafuta kitu kilichozama. Njoroge, ambaye kwao hawayajui haya, alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa heshima.

"Mwalimu," nikasema, "shanga zangu zina mtazamaji wake mmoja, na wewe si yeye."

Loo! Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mkewe alikimbilia ndani. Mtu ameishi pwani maisha yake yote, ana mke na watoto, na haimjii akilini kwamba shanga za wanawake hukaa kiunoni na si za kutolewa mfano barazani! Ustadhi akamwokoa kwa kumnong'oneza aseme tasbihi. Tangu siku ile kwa Waislamu zikawa tasbihi, kwa Wakatoliki rozari, na neno shanga hakulitamka tena mbele yangu.

Kadzo ndiye aliyetuliza kicheko. Alisema kuna mnyororo mmoja katika damu, na punje moja tu ya mnyororo huo ikikaa mahali pasipo pake, chembe za damu hujikunja, na mtoto hulia mifupa. Analia, anavimba viganja, hospitali wanampa dawa ya maumivu, anarudi nyumbani, analia tena. Yeye alitaka kuelewa mnyororo ule na jamaa zake, kwa binadamu na kwa wanyama, wapi pakibadilika hapana neno na wapi pakibadilika ni balaa.

Mama Karisa alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa amezika mtoto wa kiume aliyelia mifupa. "Mimi nipe," akasema. "Nipe kubwa."

Kazi yenyewe haikutaka elimu, ilitaka uvumilivu. Karatasi ilikuwa na safu mbili za herufi, moja juu, moja chini, kila herufi ni punje moja. Ukipita na kidole, zikiwa sawa unaendelea, zikitofautiana unazungushia duara. Basi. Lakini herufi zilikuwa nyingi kama mchwa, na Kadzo alikuwa na magunia ya karatasi. Tena kila karatasi ilipaswa kufanywa na watu wawili, kila mmoja peke yake, ili kazi zao zilinganishwe na makosa yajulikane.

Mwalimu alizigawa karatasi zile kama shamba. Watu wa kwetu wakialikana kulima, shamba hupimwa kwa kamba na kila mtu akaonyeshwa kipande chake, na kipande hicho ndicho ngwe. Anayemaliza kwanza haendi zake. Huingia ngwe ya jirani aliye nyuma, wakalima wakielekeana mpaka majembe yakutane. Kumwacha mwenzio juani peke yake nawe umekaa kivulini ni aibu ambayo hata wajukuu wako wataisikia.

Basi Mwalimu akaanza raha yake ya kupima. Ngwe iwe kubwa kiasi gani? Akakosa usingizi kwa swali hilo, na sisi akatukosesha. Kwanza akajaribu kwa ubishi wake wa kisayansi: Mambrui akawapa ngwe ndogondogo, Matsangoni akawapa kubwa, ili aone zipi zinarudi.

Za Mambrui zilirudi upesi mno. Ustadhi alimaliza ngwe yake kabla chai haijapoa, kisha akalazimika kuja mpaka Malindi kuchukua nyingine. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu alifika kwangu amechoka, akaketi, akasema, "Bi Fundi, mimi sifanyi kazi ya damu. Mimi nafanya kazi ya njia."

Za Matsangoni hazikurudi kabisa. Mwalimu akapanda gari akaenda kuzitafuta. Alikuta ngwe moja imefunikwa juu ya mtungi wa maji, nyingine imewekwa juu ya kabati kwa heshima kama picha ya marehemu. Mama Karisa hakumficha. "Mwalimu, ule mzigo nikiutazama tu, kichwa kinaniuma," akasema. "Naufungua, naona mwisho wake haupo, naufunga." Na huyu ndiye aliyesema nipe kubwa.

Mwalimu alirudi Malindi amechangamka mno, mtu aliyeshindwa hachangamki hivyo. "Nimegundua, Bi Fundi!" Alichogundua ni kwamba kipimo cha ngwe si urefu wa karatasi, ni moyo wa mtu: iwe kubwa kiasi cha kustahili safari ya kuirudisha, na ndogo kiasi cha kuuona mwisho wake tangu mwanzo. Akatengeneza daraja tatu. Ngwe ya chai ilikuwa ya kumaliza ukingoja chai ichemke. Ngwe ya mbaazi, ukingoja chungu cha mbaazi kiive, na mbaazi zetu mnazijua hazina haraka. Ya tatu ilikuwa kubwa kupita zote, na hiyo aliichukua yeye mwenyewe, nakala ya pili akamwachia Kadzo. Tuliiita ngwe ya Mwalimu.

Ehee, hapo ndipo wivu ulipoingia. Watu wakawa wanapigiana kelele njiani: umepewa ngwe gani? Njoroge alipewa ya chai akanuna wiki nzima, akasema anadharauliwa kwa sababu ni wa kuja. Akapewa ya mbaazi, akanung'unika kwamba ya Ustadhi ina herufi chache. Mimi mwenyewe nilimwambia Mwalimu kwamba ya Mama Karisa ni nyepesi kuliko yangu, wakati Mama Karisa alikuwa barazani kwake tangu asubuhi anasema yangu ndiyo nyepesi. Mwalimu alitusikiliza sote kwa zamu. Kisha akasema neno ambalo wahenga walimtangulia kulisema, lakini yeye alilitamka kana kwamba limetoka kiwandani kwake: "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi."

Kazi ikaenda. Karatasi zikarudi, Mwalimu akawa anakaa barazani analinganisha jozi kwa jozi, na uso wake unang'aa. Hakuna tofauti. Alichofanya huyu ndicho alichofanya yule, duara kwa duara. "Bi Fundi, njoo uone! Kompyuta yao ingeweza hivi?" Alizunguka Malindi nzima akijisifu, kuanzia sokoni mpaka posta, na nasikia siku ile mwavuli aliufungua. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu alijisifu mwenyewe, hakungoja mtu.

Mzigo ukapelekwa Nairobi kwa basi. Haukupita muda Kadzo akaja mwenyewe, bila taarifa, vumbi la safari usoni na macho mekundu. Nilidhani amefiwa.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Wamesemaje?"

"Wamesema kazi ni safi mno."

Mwalimu akacheka kwa furaha. Kadzo hakucheka. Akafungua karatasi mbili akaziweka magotini pake. Kwenye ya kwanza, katikati, mtu alikuwa ameruka mstari mmoja, na kuanzia hapo maduara yote yalikaa mahali si pake. Kwenye ya pili, iliyofanywa na mtu mwingine, mstari uleule ulirukwa. Na maduara yaleyale yalipotea njia, moja baada ya jingine.

"Mwalimu, watu wawili wasioonana hawajikwai kwenye jiwe moja kwa kidole kimoja," akasema Kadzo. "Msimamizi wangu anasema hapa pana mtu mmoja tu. Anasema nimemdanganya. Amenipa mpaka chuo kifungwe. Kama sijaleta kazi ya kweli, nafasi yangu anapewa mwingine."

Mwalimu aliziangalia zile karatasi muda mrefu. Kisha akatuita sote.

Haikuchukua muda kujua. Mama Karisa alieleza bila kupepesa macho. Yeye na jirani yake walipewa jozi. Yeye akamaliza kwanza, akaenda kumwona jirani, akamkuta yuko nyuma na mtoto ana homa. Akaketi, akatoa yake, wakafanya pamoja. Na Mambrui walifanya vivyo hivyo. Na mimi na Njoroge vilevile, msinicheke. Alikuja dukani kwangu amekwama, ningemfukuza?

"Lakini niliwaambia kila mtu peke yake!" Mwalimu akapaza sauti.

"Ulituambia ni ngwe," Mama Karisa akamjibu. Alikuwa amesimama, leso ameifunga kiunoni. "Mwalimu, wewe ni mtoto wa nani? Nimemaliza ngwe yangu, jirani yangu yuko nyuma, mtoto wake mgonjwa. Niende nikalale nimwache juani? Kazi gani hiyo?"

Mbele ya Mwalimu upande mmoja alikaa Kadzo, analia bila sauti. Upande wa pili walikuwa watu ambao hawakufanya kosa lolote isipokuwa kulelewa vizuri.

Siku hiyo hakula. Kesho yake asubuhi akabisha mlangoni kwangu, nywele hazijachanwa, na nikajua amepata. Hatutakatazwa kusaidiana, akasema. Tutasaidiana mpaka tuchoke. Ila jozi zitatenganishwa: karatasi ya Mama Karisa, pacha wake atakuwa Mambrui kwa Ustadhi, ya kwangu, pacha wake atakuwa Matsangoni. Mtu akimaliza aingie kwa jirani, na jirani atakuwa na ngwe nyingine kabisa. Majembe yatakutana, makosa hayatakutana.

Nilimwambia, "Mwalimu, leo naomba radhi kwa yote niliyowahi kusema juu yako." Akasema, "Yote? Basi kaa chini, hatumalizi leo."

Tukaanza upya. Sasa hapakuwa na mzaha. Mama Karisa alifanya kazi huku anasonga sima. Ustadhi alifanya baina ya alasiri na magharibi. Njoroge alifunga duka siku ya soko, jambo ambalo watu wa kwao wangelisikia wangelia. Ngwe zikarudi, pacha kwa pacha, zikiwa na tofauti hapa na pale kama inavyotakiwa kwa kazi ya watu, na Mwalimu akawa anashangilia kila tofauti kama goli. Zikarudi zote isipokuwa moja.

Ngwe ya Mwalimu haikurudi.

Mimi kazi yangu ni sindano. Najua jinsi mtu anavyoanza kuukosa uzi: anainua kichwa, anatafuta jua, anasema taa mbaya, anasema sindano za siku hizi zina matundu madogo. Nilipoanza kumwona Mwalimu anahamisha kiti chake kufuata mwanga, asubuhi mlangoni, adhuhuri uani, nilielewa. Nikavuka kichochoro. Alikuwa ameinamia karatasi mpaka pua inagusa, na kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya mstari ambao alikwisha kuupita.

"Mwalimu, nipe nusu," nikasema.

"Nina yangu, una yako."

"Yangu nimemaliza. Mila inasemaje?"

"Inasema fundi akashone." Akaivuta karatasi kifuani.

Nikamwambia mkewe. Mkewe akasema, "Mimi nimeolewa naye, sijapewa funguo zake." Mama Karisa akaja, akafukuzwa. Ustadhi akaja na maneno mazuri ya Mtume juu ya kusaidiana, akashukuriwa, akapewa kahawa, akafukuzwa. Kadzo akaja. Ndiye aliyekuwa na haki ya kudai, lakini alisimama mbele yake kama mtoto wa kidato cha kwanza, na Mwalimu akamwambia, "Bado kidogo, mwanangu. Bado kidogo tu." Nikamwuliza Kadzo njiani, mbona humnyang'anyi? Akasema, "Nitamnyang'anyaje, Bi Fundi? Nikimwambia haoni, nani atamwambia tena kwamba ni mwalimu?"

Chuo kikafungwa. Msimamizi alisema kazi iliyopungua si kazi, na nafasi ikaenda kwa mwingine. Kadzo akarudi pwani kufundisha sayansi katika sekondari mojawapo upande wa Kilifi. Mwalimu hakumtaja tena. Kama kuna aliyemtaja mbele yake, alisema yuko salama, anaendelea vizuri, na akabadili mazungumzo. Bao aliacha. Watu walidhani amezeeka; mimi nilikasirika. Nilikasirika naye kweli, niliacha kumpelekea mapapai. Mtu anajua kumpimia kila mtu mzigo wake, halafu anajitwisha usiobebeka, na anayeanguka ni mtoto wa watu!

Kisha yeye na mkewe wakahamia Dabaso, kwenye shamba lao, na kichochoro changu kikawa kikubwa ghafla. Hasira iliisha mapema kuliko nilivyopanga. Nilijikuta nikikata papai nauliza nani ana meno, na hapakuwa na wa kucheka.

Mara ya mwisho nilipokaa naye ilikuwa miaka hiyohiyo ya themanini ikielekea mwisho, mabasi ya Mombasa bado yanangoja feri pale Kilifi. Kadzo alinijia Malindi. Alikuwa amenenepa kidogo, amekuwa mama mzima, lakini macho yalikuwa yaleyale. Mhadhiri mmoja mpya huko chuoni alikuwa ameiona kazi yetu kabatini akaipenda. Alikuwa tayari kumpokea, ila alitaka kazi kamili, na majina ya watakaoingia yalikuwa yanafungwa wiki ileile. Ilipungua ngwe moja.

"Sitaenda peke yangu," akasema.

Tukaenda wote. Njoroge alitubeba kwa pikapu yake ya mabati, mimi na Kadzo mbele, Ustadhi nyuma ameshikilia kofia, na Mama Karisa tulimfuata kwanza Matsangoni, kisha tukarudi Dabaso. Mwalimu tulimkuta amekaa mbele ya nyumba, amekonda, shati limefungwa vifungo vya kupishana. Macho yalikuwa meupe. Alitutambua kwa sauti, mmoja mmoja, na mimi akanitambua kabla sijasema.

"Bi Fundi umekuja na kelele gani?"

"Nimekuja na ugomvi," nikasema. "Wa zamani."

Kadzo akapiga magoti mbele yake. Hakuzunguka. Alimweleza habari ya mhadhiri, ya majina, ya wiki, na akasema, "Mwalimu, naiomba ile ngwe."

Nilidhani atasema bado kidogo. Mkewe hakungoja, aliingia ndani akatoka na bahasha, akaiweka magotini pa Mwalimu, hakumpa mtu mwingine. Mwalimu akaipapasa, akaishika pembe mbili kwa vidole. Kisha akainyoosha mbele, hewani, kwa sababu hakujua Kadzo yuko upande gani hasa.

Mama Karisa ndiye aliyeipokea. "Leo nagawa mimi," akasema.

"Utagawa vibaya," Mwalimu akasema. "Njoroge usimpe ndefu, anaruka."

"Bado unanisema mimi?" Njoroge akalalamika, na tukacheka, na tukashukuru kucheka.

Tukatandika mkeka. Kila mtu akachukua sehemu yake, aliyemaliza akaingia ya jirani, na Kadzo hakugusa hata karatasi moja, alikaa karibu na Mwalimu amemshikia mkono. Mwalimu alikuwa ametutegea sikio, anasikiliza penseli. Tulianza jua limechomoza vizuri. Adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa Mama Karisa alipokusanya karatasi, akazipanga, akazigonga magotini zikae sawa.

Mwalimu akainua kichwa. "Mnapumzika?"

"Imekwisha, Mwalimu," Kadzo akasema.

"Yote?"

"Yote."

"Mbona upesi hivyo?"

Ilikuwa ngwe kubwa kuliko zetu zote, alikuwa amekaa nayo miaka, na Kadzo miaka hiyo ameipoteza. Mama Karisa akamtazama Kadzo, kisha akamtazama mzee.

"Ilikuwa ndogo, Mwalimu," akasema. "Ndogo tu."

Mwalimu akatikisa kichwa polepole. Hakudanganyika, na hakumbishia. Alimtafuta Kadzo kwa mkono mpaka akaupata uso wake.

"Basi nilipima vibaya," akasema. "Mwanangu, nilipima vibaya."

Kadzo alikuwa analia. Alijaribu kumwambia si kitu, Mwalimu, si kitu, na yeye akamkatiza, akauliza basi la Mombasa linapita saa ngapi barabarani. Njoroge akasema ili liwahi feri litapita sasa hivi.

"Basi nenda," Mwalimu akasema. "Nenda, usichelewe tena kwa ajili yangu."